Nilikwenda Iringa kupima klamidia nikiwa siumwi popote

Mimi ni fundi seremala wa Mafinga. Napaua nyumba, natengeneza milango na makabati, na mbao nazipata hapahapa kwetu, za msitu wa Sao Hill. Naandika kuhusu zahanati moja binafsi ya Iringa mjini kwa sababu nilipotafuta maoni ya watu waliotibiwa pale, yote niliyoyakuta yalikuwa ya akina mama: kliniki ya wajawazito, chanjo, uzazi wa mpango. Mwanamume aliyeandika kwamba alikwenda kupimwa ugonjwa wa zinaa sikumwona hata mmoja. Jina la zahanati silitaji, kwa kuwa habari hii ni ya mke wangu pia na Iringa ni mji wa watu kujuana. Yeye ameusoma kila mstari kabla sijauweka hapa, na sehemu mbili ameniambia nifute, nimefuta.

Aliyeanza kuumwa ni yeye. Kwa karibu miaka miwili mama Tumaini alikuwa na maumivu chini ya kitovu, yanakuja na kuondoka, na uchafu ukeni ambao haukuwa wa kawaida yake. Alikuwa akienda kwenye duka la dawa la jirani, anaeleza, anaambiwa ni UTI. Anapewa vidonge vya siku tano, anapata nafuu wiki mbili, yanarudi. Mara ya tatu akaambiwa ni UTI sugu. Mara ya nne wakamwongezea Flagyl. Hakuna siku aliyoulizwa kama ana mume, kama mume naye ametibiwa, wala kama maumivu yanazidi wakati wa tendo. Huku kwetu hilo neno UTI limekuwa kapu: chochote kinachouma kuanzia kitovuni kwenda chini kinatupwa humo, na mtu anaondoka na dawa mkononi akiamini ametibiwa.

Kibaya zaidi, tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili na hapatikani. Tumaini ana miaka sita sasa.

Mwezi wa tano alikwenda kumwona dada yake Kihesa, dada akamshika mkono akampeleka kwenye zahanati hii. Akarudi Mafinga na mfuko wa dawa za siku kumi na nne, alama ya sindano, na kikaratasi kimekunjwa mara mbili. Akanipa kikaratasi jioni, mtoto akiwa ameshalala. Kilikuwa na namba bila jina, tarehe, na maneno kwamba aliyekipokea afike apimwe na kutibiwa, aje nacho. Ni kadi ya mwenza, anayopewa aliyekutwa na ugonjwa wa zinaa ampelekee mwenzake. Nilikuwa sijawahi kuiona maishani.

Nilimuuliza swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa baya: "Umeutoa wapi?" Hakunijibu. Aliniambia, "Baba Tumaini, nenda ukaulize wao." Nikalala nimempa mgongo siku tatu. Mimi nilikuwa mzima, sichomwi nikikojoa, sitokwi na usaha, napanda juu ya paa kutwa nzima. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeshafungwa: anayeumwa ndiye aliyeleta.

Jumamosi nikapanda Coaster saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu wa Mafinga mnaujua, hadi tunapita Ifunda dereva bado amewasha taa. Nikashuka Ipogolo, nikaingia choo cha kulipia pale stendi, kisha nikachukua bajaji kupanda mlima kwenda mjini. Naeleza habari ya choo kwa makusudi, mtaona.

Sasa zahanati yenyewe. Nyumba ya kawaida iliyogeuzwa, paa la bati jekundu, uani kuna mti wa parachichi na mabenchi mawili. Ni safi. Mapokezi ndiyo sehemu niliyoichukia, na nitaisema kwanza ili iishe. Binti wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, watu saba wakiwa kwenye benchi, "Unasumbuliwa na nini, baba?" Nilishindwa kujibu. Nikamwonesha kikaratasi. Alipokiona akabadilika palepale, akashusha sauti, akaniandikia namba na kunielekeza mlango wa pili bila neno jingine. Kwa hiyo utaratibu mzuri wanao, ila unamfaa mwenye kadi peke yake. Anayekuja mwenyewe na dalili zake atalisema tatizo lake mbele ya umati. Niliwaambia walitengeneze hilo, na nilipokwenda mara ya pili nilikuta vikaratasi na kalamu mezani: unaandika shida yako, unakunja, unatoa. Nimefurahi kuliona.

Mlango wa pili ni wa nesi. Mama wa makamo, Mhehe, akanipokea kwa "kamwene" nami nikamwamkia shikamoo. Nilikaa naye dakika arobaini hivi. Katika maisha yangu ya kwenda hospitali sijawahi kupewa dakika arobaini na mtu yeyote. Hakuanza na ugonjwa. Aliniuliza kazi, nalala wapi nikiwa na kazi za mbali, nina mtoto mmoja au wangapi. Kisha akauliza mambo ya faragha moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu anayeuliza vipimo vya dirisha: wangapi kwa mwaka huu, mwaka jana, kondomu ilitumika au haikutumika. Aliniambia mapema kwamba majibu hayatamfikia mke wangu kupitia kwake, na ya mke wangu hayatanifikia mimi kupitia kwake.

Nikamuuliza lile swali langu. Nani ameleta?

Akaniambia, "Mwanangu, kipimo hakijui nani wala lini." Halafu akanieleza, na maelezo haya ndiyo yaliyoniokolea nyumba. Klamidia ni bakteria. Takriban nusu ya wanaume wenye bakteria huyu hawaoni dalili yoyote, na kwa wanawake wasioona dalili ni wengi zaidi. Asipotibiwa anaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata kupita mwaka. Anayeanza kuumwa si lazima awe ndiye aliyeanza kuambukizwa; mara nyingi mwanamke ndiye anayeumia kwa sababu kwake bakteria anapanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mji wa mimba na mirija. Mwanamume anaweza kumbeba kimya na kumrudishia mkewe kila anapotibiwa. Hapo nikaelewa nafuu ya wiki mbili zilikuwa zinatoka wapi na maumivu yalikuwa yanarudi na nani. Dawa hazikuwa sahihi, na hata zingekuwa sahihi, mimi nilikuwa palepale kitandani.

Na mimi nilikuwa na la kukumbuka. Mwaka juzi nilikaa Songea miezi minne kwa kazi ya kupaua madarasa. Yaliyotokea kule nilikuwa nimejiambia yameishia kule. Sikumwambia nesi hilo kwa maneno mengi, lakini nadhani alishaona. Hakunikemea. Alinisogezea kikombe cha maji.

Nikamuuliza mbona jina la ugonjwa ni geni, kisonono na kaswende tunazijua tangu utoto. Akasema huyu bakteria si mgeni kabisa. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi Kongwa, Dodoma, kwenye mapambano ya trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Trakoma na klamidia ya zinaa ni bakteria wa jamii moja, tofauti ni aina zake na njia ya kuambukiza: ile ya macho husambazwa na mikono, nguo na nzi, hii ya zinaa kwa kujamiiana. Ndiyo maana mama mwenye klamidia akijifungua bila kutibiwa, mtoto anaweza kutoka na maambukizi ya macho, au akapata nimonia wiki chache baadaye. Tangu siku hiyo naliangalia neno klamidia kwa namna nyingine. Nilikuwa nalichukulia kama matusi. Sasa nalichukulia kama ugonjwa.

Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia kwa mwaka 2020 pekee, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kati yao wangapi walikuwa wanapanda paa wakijiona wazima?

Kipimo. Hapa ndipo habari ya choo inapoingia. Nesi akanipa kikopo, akaniuliza nimekojoa lini. Nikamwambia Ipogolo, muda si mrefu. Akakichukua kikopo chake, akaniambia nikae nje angalau saa nzima nisikojoe. Sababu ni kwamba kipimo hiki kinataka mkojo wa mwanzo kabisa, ule unaosukuma nje kilichokuwa kwenye njia ya mkojo. Ukipimwa UTI unaambiwa umwage wa kwanza ukinge wa katikati. Kwa klamidia ni kinyume, unakinga wa kwanza, kidogo tu. Kama ungekojoa dakika kumi zilizopita umeshawasafisha bakteria na jibu linaweza kukudanganya. Wanawake wao hupimwa zaidi kwa pamba inayopitishwa ukeni, na mama Tumaini aliruhusiwa kuipitisha mwenyewe. Basi wenzangu mnaotoka Mafinga, Makambako au Njombe, mkishuka jizuieni.

Choo cha kukingia mkojo kipo nyuma ya jengo na taa yake ilikuwa imeungua. Nilitumia mwanga wa simu. Ni kosa dogo lakini kwa huduma ya namna hii, ambapo mtu tayari anatetemeka, taa ni kitu cha kubadilisha siku hiyohiyo.

Wakati nasubiri walinitoboa kidole wakapima VVU na kaswende, majibu ndani ya nusu saa, yote salama. Klamidia na kisonono hawapimi palepale. Sampuli inapelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kusoma vinasaba, ya aina ileile inayotumika kupima kifua kikuu, na jibu linarudi siku ya kazi inayofuata. Gharama ndiyo iliyonigusa. Kumwona mhudumu nililipa shilingi 7,000, kipimo cha mashine 45,000, dawa 4,000. Kwa fundi, 45,000 ni milango miwili ya kupiga randa. Niliwauliza kama ni lazima. Daktari, kijana mpole ambaye nilimwona dakika tano tu, akasema si lazima ili nitibiwe: kwa kuwa mwenza wangu ameshakutwa nao, nitapewa dawa leo hata bila kipimo. Nikaona hiyo ni kauli ya haki, wangeweza kuninyamazia. Nilipima kwa sababu nilitaka kujua. Asiye na pesa asiache kwenda kwa ajili ya kipimo, na vituo vya serikali pia hutibu kwa kufuata dalili na hutibu wenza. Ila mtu kama mimi, asiye na dalili na asiye na kadi, huko anapita bila kuonekana, kwa sababu hana cha kueleza.

Dawa nilizopewa ni doksisaiklini, kidonge cha miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku saba. Mke wangu, kwa kuwa maambukizi yalishapanda kwenye via vya uzazi, alipewa sindano ya seftriaksoni na vidonge vya aina mbili kwa siku 14. Msichukue hizi nilizoandika mkaenda kuzinunua. Mjamzito kwa mfano hapewi doksisaiklini, ana dawa yake nyingine. Naziandika ili muone kwamba ugonjwa mmoja, nyumba moja, tulipewa dozi tofauti, na muuza dukani asingeweza kulijua hilo bila kuuliza na kumpima mtu.

Maelekezo ya dawa aliyonipa nesi yalinisaidia kuliko dawa zenyewe, maana mwenyewe ningeziharibu. Meza na maji glasi nzima, ukiwa umekula, usilale ndani ya nusu saa kwa sababu kidonge kikikwama kinaunguza koo. Usimezee maziwa. Mafinga mwezi wa sita nani anakunywa chai isiyo na maziwa? Nilikuwa nikimeza na maji, nasubiri saa mbili ndipo nakunywa chai yangu. Na jua: dawa hii inafanya ngozi iungue upesi. Nilipuuza siku ya pili nikapaua bila kofia, jioni shingo na masikio vilikuwa vinawaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Siku zilizobaki nilivaa kofia ya pama na shati la mikono mirefu.

Na kutokukutana kimwili. Siku saba zangu ziishe, na zake 14 ziishe, wote wawili tuwe tumemaliza. Nesi alilirudia hili mara tatu. Alisema wengi wanaorudi na klamidia ileile hawajashindwa na dawa, wameambukizwa upya na mtu ambaye hakutibiwa, kwa sababu kuugua mara moja hakumpi mtu kinga.

Karatasi ya maelekezo waliyochapisha ni ya Kiingereza tupu. Hili nimelilalamikia na nitaendelea. Nesi alilazimika kuigeuza na kuniandikia nyuma kwa mkono, kwa Kiswahili, na mwandiko wake ndio nilioubandika ndani ya kabati. Zahanati inayowahudumia watu wa Iringa, Mufindi na Kilolo ichapishe kwa lugha tunayozungumza.

Majibu waliyatoa kwa simu, na walivyofanya nimewapenda. Kabla sijaondoka nesi aliniuliza, "Saa ngapi unakuwa peke yako?" Nikamwambia saa saba, mafundi wakienda kula. Jumatatu saa saba na dakika tano simu ikaita. Hakutaja ugonjwa mpaka nilipotamka namba iliyoko kwenye kadi. Klamidia ipo, kisonono hakuna. Nilikaa juu ya rundo la mbao kwa muda. Jioni nilimwambia mama Tumaini jibu, na nikamwambia habari ya Songea. Sehemu niliyofuta kwanza ilikuwa hapa.

Miezi mitatu baadaye tulirudi wote wawili kupimwa tena, kama tulivyoambiwa. Usiende mapema, wanasema, maana kabla ya wiki nne mashine inaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa na kukutia hofu bure. Safari hii sikuingia choo cha Ipogolo. Taa ya choo chao ilikuwa imewekwa. Majibu ya wote wawili: hakuna.

Kuhusu mtoto, daktari hakutupa ahadi yoyote na namshukuru kwa hilo. Alisema maambukizi yanaweza kuacha makovu kwenye mirija hata baada ya bakteria kwisha. Mirija ikiziba mimba haipatikani, ikibanwa nusu mimba inaweza kutunga nje ya kizazi, na hiyo ni hatari ya maisha. Akamwambia mke wangu kwamba akikosa siku zake na kupata maumivu makali upande mmoja wa tumbo asisubiri asubuhi. Tukipita mwaka tangu matibabu bila mimba, kuna picha ya eksirei wanayopiga huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi ili kuona kama mirija iko wazi. Hiyo wao hawana, watatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Mama Tumaini hakusubiri mwaka uishe, aliomba aandikiwe tarehe palepale, na mimi nikaomba jina langu liwekwe chini ya lake kama mtu atakayemsindikiza.

Kwa wanaotaka kwenda: siku za kazi wapo mpaka saa kumi na moja jioni, Jumamosi wanafunga saa nane mchana, na nesi mwenyewe hayupo Jumatano. Kama umepewa kikaratasi na mwenza wako, usikiache nyumbani.